Uzi wa Princess Mononoke: kwa nini Shishigami aliponya risasi akaiacha laana?

#1 Kipepeo wa Amani

Wakuu, salaam.

Jana umeme ulirudi saa nne usiku, usingizi ukanikata, nikaiweka tena Princess Mononoke, filamu ya Kijapani ya kuchorwa ya Hayao Miyazaki, ile ya mwaka 1997. Ni mara ya tatu sasa, na kuna mahali inanikaba kila nikifika.

Ashitaka, kijana mwenye laana mkononi inayomwua taratibu, anatoka kwenye Mji wa Chuma, na San, binti aliyelelewa na mbwa mwitu, yuko begani amezimia. Mwanamke mmoja mwenye uchungu wa mumewe anamfyatulia bunduki, risasi inaingia mgongoni inatokea mbele. Kijana hasimami. Anasukuma lango ambalo siku zote linataka wanaume kumi, damu inadondoka chini tone kwa tone, anapita. San anamfikisha kwenye kisiwa kidogo katikati ya bwawa. Usiku Shishigami, mungu wa msitu, anakuja. Kijana anazinduka, anajipapasa, tundu halipo. Kisha anautazama mkono wa kulia, na doa la laana lipo vilevile.

Sasa mungu anayemrudisha mtu kutoka mlangoni mwa kaburi anashindwaje na doa la mkononi? Alishindwa, au hakutaka?

Nawasilisha. Kama hujaiangalia usishuke chini, utamu utaisha.

#2 Ngosha Mtulivu

Nimekaa paleee na karanga zangu. Wajuvi tiririkeni.

#3 Mama Wawili

Mimi hii filamu nina kesi nayo. Jumamosi moja nina nguo za kufua, nikawawashia wanangu nikijua ni katuni, si imechorwa? Hata ndoo haijajaa nasikia mayowe. Kuja sebuleni, kuna nguruwe mwitu mkubwa kama basi, mwili mzima minyoo myeusi inacheza. Nikasema ngoja, labda ni hapo tu. Kidogo kijana anapiga mshale, mikono ya askari inaruka na upanga wake. Mdogo alilala na mimi wiki nzima.

Swali lako sina jibu, nimekuja kulalamika tu.

#4 Mwana wa Mkuyati

Mama Wawili pole, umenichekesha.

Mleta mada, jibu liko kwa nguruwe huyohuyo. Anaitwa Nago. Alikuwa mungu wa msitu, akapigwa kipande cha chuma, kikamkaa mwilini. Maumivu na hofu ya kufa vikageuka chuki, chuki ikamfanya tatarigami, yaani mungu wa laana, na alipomgusa Ashitaka akamwachia urithi. Sasa mtazame Moro, yule mbwa mwitu mama wa San. Naye ana risasi ya Eboshi, yule mama anayeutawala Mji wa Chuma, kifuani, naye inamwua taratibu, lakini hageuki. Mwenyewe anasema Nago alikimbia kifo kwa woga, yeye anakisubiri.

Kwa hiyo risasi ni ileile moja, ila huyu kageuka na yule hakugeuka. Laana si ugonjwa, ni chuki ya mtu mwingine iliyopata mahali pa kukaa. Shishigami anatoa uhai na anachukua uhai, basi. Chuki haimo kwenye idara yake.

#5 Fundi Bati

Mnazunguka mbuyu bure. Angeiponya, filamu ingeisha saa ya kwanza. Inakwenda dakika 133, lazima kijana awe na shida ya kumtembeza. Nimemaliza.

#6 Msomaji wa Usiku

Fundi Bati hayo ni majibu ya mtu aliyewahi kudaiwa kodi ya banda umiza.

Kipepeo, rudia kipande cha kisiwani, usimwangalie Ashitaka. Angalia pembeni ya kichwa chake. San anachomeka kijiti chenye majani mabichi kabla ya kuondoka. Shishigami anapofika, kila anapokanyaga majani yanachipua na kunyauka hapohapo, na kile kijiti nacho kinakwisha. Mimi naona kuna malipo pale. Uhai wa kijiti umelipia tundu la risasi. Laana nani ameilipia? Hakuna. San alileta kijiti kimoja tu.

#7 Kipepeo wa Amani

Msomaji nimerudia. Kijiti nimekiona. Mara tatu zote nilikuwa namtazama yule mnyama, uso wake ule wa kama binadamu na makucha kama ya ndege, sikuwahi kutazama chini. Asante.

Lakini hapo umeniongezea swali. Moro na Okkoto, yule nguruwe mzee, wamepigania msitu maisha yao yote, na Shishigami huyohuyo akaja akachukua roho zao. Kijiti kinamponya mgeni, wenye nyumba wanauawa?

#8 Kaya Kwale

Hamjambo wa bara. Mie nataka kuweka mawili matatu.

Moja, yule mnyama wa Ashitaka, Yakul, ni palahala. Hebu tazama pembe zilivyopinda kwenda nyuma. Kwetu Shimba Hills wako, njooni muone. Wajapani wamemchukua bila kuomba.

Mbili, filamu hii ndiyo iliyochukua Oscar.

Tatu, yule binti wa kijijini anayemuaga Ashitaka anaitwa Kaya, na sisi Wamijikenda misitu yetu mitakatifu ni makaya. Hukati mti, huokoti kuni ovyo, fingo, ile hirizi ya kulinda kaya, limezikwa ndani na wazee ndio wajuao wapi. UNESCO waliyaandika mwaka 2008. Mie nilipoisikia "Kaya" nilikaa kitako.

#9 Msomaji wa Usiku

Kaya Kwale, palahala nimekubali kwa shingo upande, Yakul ana manyoya mekundu na ni wa kubuni. Oscar hapana. Iliyochukua Oscar ni Spirited Away, imetoka 2001, tuzo ikaja 2003. Hii ya Mononoke ilichukua tuzo kuu ya filamu bora ya Chuo cha Filamu cha Japani, na ni anime, yaani katuni ya Kijapani, ya kwanza kufanya hivyo. Pia iliipita E.T. kwa mapato kule kwao, ikakaa juu mpaka Titanic ilipokuja kuizamisha.

Kufanana kwa jina ni sadfa. Ila wazo lenyewe wanalo. Huko Japani mahekalu mengi ya zamani ya Shinto, dini yao ya jadi, yana vijisitu vyake visivyoguswa.

#10 Kaya Kwale

Titanic kuizamisha, hehe. Haya, nimerekebishwa.

#11 Nesi Mstaafu

Habari zenu wanangu. Naona mnamsema Shishigami tu, mimi nataka kumsemea Bi. Eboshi.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo ni kituo cha wagonjwa wa ukoma. Watu walikuwa wakiletwa usiku, wanaachwa getini na mkeka. Ndugu harudi. Kwenye filamu kuna chumba cha nyuma ambako wagonjwa waliofungwa vitambaa mwili mzima wanatengeneza bunduki. Mzee wao amelala, hawezi kuinuka, anamwomba Ashitaka asimuue Eboshi, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyewaosha nyama iliyooza na kuwafunga vidonda. Nilisimamisha pale. Harufu ya bendeji iliyolowa sijaisahau hadi leo, na waliokuwa tayari kuifungua walikuwa wachache mno.

Miyazaki mwenyewe amekuja kusema hadharani kwamba wale ni wagonjwa wa ukoma, na kwamba alikuwa akienda Tama Zenshoen, kituo cha wagonjwa hao kule Tokyo. Japani walikuwa na sheria ya kuwatenga, wakaifuta mwaka 1996, yaani mwaka mmoja tu kabla ya filamu kutoka. Sasa niambieni tena kwamba huyo mama ni adui.

#12 Ngosha Mtulivu

Nesi shikamoo. Kwa heshima zote, huyo mama ndiye aliyempiga Nago. Mwana wa Mkuyati kasema hapo juu, kile kipande cha chuma ndicho chanzo cha laana. Kuwafunga watu bendeji mkono wa kulia na kuua misitu mkono wa kushoto, hesabu haifutiki.

#13 Nesi Mstaafu

Marahaba. Hesabu haifutiki, sawa. Lakini wewe ungekuwa kwenye ule mkeka getini ungeuliza kwanza bendeji imenunuliwa kwa hela ya mti gani?

#14 Omuhaya wa Kamachumu

Nimeitwa na harufu ya chuma.

Wakuu, mambo ya tanuru la kuyeyusha chuma yasiwashangaze kama ya Wajapani peke yao. Kwetu Kagera wazee waliyeyusha chuma tangu karne na karne. Profesa Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika mwaka 1978 kuhusu wazee wa Kihaya waliojenga tanuru upya kwa kumbukumbu. Shimo linajazwa matete ya bwawani yaliyochomwa, mivukuto ya ngozi ya mbuzi inapuliza, mirija ya udongo inaingia ndani kabisa ya moto kiasi kwamba hewa inafika ikiwa imeshapata joto. Kinachotoka ni chuma kigumu cha pua.

Na kuna kitu kwenye filamu kilinifanya nitabasamu. Eboshi amewaweka wanawake kwenye mivukuto, wanakanyaga kwa zamu usiku na mchana. Kwetu mwanamke kusogelea tanuru ilikuwa mwiko, na mwanaume anayeyeyusha anajitenga na mkewe, maana tanuru lenyewe ndilo mke, linazaa.

#15 Fundi Bati

Nilijua. Mhaya akishafika kwenye uzi, dakika mbili tunaambiwa Wajapani wamesoma Kamachumu.

#16 Omuhaya wa Kamachumu

Sijasema hivyo. Ila ushahidi unaelekea huko.

#17 Mbeba Mabegi

Wakuu, niko Japani kimasomo mwaka wa tatu huu, niongezee kidogo.

Omuhaya, mwiko huo hata huku ulikuwepo. Mungu wao wa kuyeyusha chuma anaitwa Kanayago, ni mungu wa kike, na simulizi zinasema hapendi kabisa wanawake wengine waingie kwenye tatara yake, yaani tanuru la chuma. Kwa hiyo Miyazaki kuwajaza wanawake mle ndani, wanacheka na kutaniana na waume zao, ni kuupindua mwiko makusudi. Eboshi anapigana na miungu ya msituni, kumbe hata mungu wa karakana yake mwenyewe keshamchokoza. Hili silioni likisemwa.

Nilikwenda mkoa wa Shimane, kuna tatara ya Sugaya, ilizimwa mwaka 1921 na jengo bado limesimama. Ndani ni giza na udongo. Nje kuna mti wa katsura, wanasema Kanayago alishuka kwenye mti wa aina hiyo akiwa amepanda yangeyange. Mzee aliyekuwa akituonyesha alisema kuwasha mara moja ni siku tatu mchana na usiku bila kulala, unamimina kama tani 10 za mchanga wa chuma na tani 12 za mkaa, unapata donge la tani 2.5 hivi. Tani 12 za mkaa wakuu, kwa kuwasha mara moja.

Lakini akaongeza kwamba mabwana wa chuma wa kule walikata misitu kwa zamu, wanarudi mahali palepale baada ya kama miaka 30, miti imeshachipua. Wangeumaliza msitu wangeimaliza kazi. Tope la kuosha mchanga wa chuma ndilo lililowagombanisha na wakulima wa chini ya mto.

Na msitu wenyewe wa filamu, ule wenye ukungu na kuvu la kijani, wachoraji walikwenda kuutazama kisiwa cha Yakushima. Nimefika, boti inatoka Kagoshima. Wenyeji wana utani kwamba mvua hunyesha siku 35 kwa mwezi. Mimi nilikaa siku mbili, soksi hazikukauka. Nilidhani naingia msitu usioguswa tangu dunia iumbwe. Kumbe zamani miti ile ilikatwa sana, ikapasuliwa vigae vya mbao, wananchi wakalipia kodi kwa watawala wa Satsuma. Visiki bado viko, vikubwa kuliko chumba changu, vimevaa kijani na juu yake kumeota mti mwingine. Nilipiga picha ya kisiki nikidhani ni mwamba.

#18 Kipepeo wa Amani

Mbeba Mabegi, komenti yako ingekuwa uzi peke yake. Hiyo ya kisiki imenimaliza.

#19 Gunia Tatu

Mimi sina elimu ya Kijapani, nina ya mkaa. Baba mdogo alichoma mkaa ndiyo tukasoma. Tani 12 mnazozitaja mnaziona namba, mimi naona mgongo wa mtu. Unakata, unapanga magogo, unafunika majani, unafukia udongo, unalala pembeni siku kadhaa unachungulia moshi. Ukiwa mweupe mzito bado, ukiwa wa bluu mwembamba karibu. Ukipitiwa na usingizi tanuru likatoboka, unaamka kuna majivu, na ada ya shule imekwenda.

Siku moja alikata mti mkubwa ambao bibi alimkataza. Hakusema kwa nini, alisema tu ule uache. Hakupata laana yoyote, mkaa ulitoka magunia mazuri. Ila kisima cha chini yake kilikauka kiangazi kilichofuata, na baba mdogo mpaka leo akipita pale hugeuza uso. Kwa hiyo mimi Eboshi namwelewa, na San namwelewa, na ndiyo maana sipendi mnavyotaka mmoja wao ashinde.

#20 Mama Wawili

Gunia Tatu umeniliza na mimi nilikuja kulalamikia minyoo.

#21 Daktari wa Samaki

Mwana wa Mkuyati anasema laana ni chuki. Mimi kazi yangu ni maji, naisoma tofauti. Chuma kinaingia mwilini mwa mnyama huku magharibi, mnyama anakimbia, anakufa mbali, anayeumia ni kijiji cha mashariki ambacho hakijawahi hata kuuona huo mji. Hiyo ni sumu ya kiwandani kabisa. Japani wana historia ya Minamata, ugonjwa uligundulika 1956, zebaki ilitoka kiwandani ikapita kwa samaki ikafika kwa mvuvi. Jeraha unaliziba, sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu huwezi kuiziba. Simaanishi Miyazaki alikusudia hivyo, nasema inasomeka.

#22 Mwana wa Mkuyati

Daktari, sumu haimpi mtu nguvu za kukata mikono ya askari kwa mshale mmoja. Chuki inampa.

#23 Daktari wa Samaki

Hujawahi kuona samaki wa mtaro wa kiwanda wewe.

#24 Msomaji wa Usiku

Wakati mnagombana, kuna mwenye tafsiri nzuri ya "mononoke"? Si jina la San, ni jina la matusi wanalomwita watu wa mjini. Ni roho inayomwingia mtu na kumwumiza, yaweza kuwa ya mfu au hata ya mtu aliye hai mwenye kijicho. "Hime", kwenye jina la Kijapani Mononoke Hime, ni binti wa kifalme. Binti Mzimu?

#25 Nesi Mstaafu

Mzimu ni babu yako, unamtambikia. Hawezi kuwa tusi. Sema Binti Pepo.

#26 Kaya Kwale

Pepo ana kiti, ana ngoma, ana ubani wake, mnaelewana. Huyu haelewani na mtu. Kinyamkera.

#27 Fundi Bati

Binti Mzuka. Vijana watajaza ukumbi.

#28 Kipepeo wa Amani

Fundi Bati toka kwenye uzi wangu.

#29 Binti Pangani

Mbona hakuna anayesema la kisu? Kaya anavunja mwiko kuja kumuaga Ashitaka. Kijana keshajikata nywele, kwao huyo ni maiti, haruhusiwi kusindikizwa. Binti anampa kisu chake cha kioo, amkumbuke. Kijana anaapa hatamsahau. Halafu tunafika mbele, San ndiye amekivaa kisu shingoni. Wanaume!

#30 Mbeba Mabegi

Binti Pangani, huku mtandaoni wamegombana miaka mingi juu ya hilo. Mjue tu kwamba Kaya na San sauti yao ni ya mwigizaji mmoja, Yuriko Ishida. Kuna wanaosema ndiyo maana, kisu kimebaki kwa sauti ileile.

#31 Binti Pangani

Huo ni utetezi wa mwanaume kabisa. "Nilimpa mwingine lakini sauti ni moja."

#32 Omuhaya wa Kamachumu

Kisu cha kioo hakina thamani. Angempa cha chuma cha Kamachumu.

#33 Msomaji wa Usiku

Nirudi kwenye swali, maana Kipepeo aliniuliza kuhusu Moro na Okkoto sikumjibu. Nadhani tunamdai Shishigami haki kama hakimu, au huruma kama daktari. Hasemi neno filamu nzima. Okkoto ni kipofu wa miaka 500, ameongoza nguruwe wote kutoka Chinzei, yaani Kyushu, kwenda kufa, amegeuka tatarigami karibu kumeza na San. Shishigami anamgusa, anaanguka. Huenda hiyo kwake ndiyo tiba. Kwa Ashitaka tiba haikuwa kifo, ndiyo akaachwa na deni lake. Lakini hapo naona nimeivunja nadharia yangu ya kijiti.

#34 Mwana wa Mkuyati

Umeivunja, na umeijenga yangu. Ashitaka aliponywa alipokirudisha kile kichwa cha Shishigami kilichokatwa, kwa mikono yake, yeye binadamu. Laana ikaisha.

#35 Binti Pangani

Haikuisha. Angalieni kiganja chake mwishoni, wakati San anamwambia anampenda ila wanadamu hawezi kuwasamehe. Alama imebaki kwa mbali, kama kovu la kuungua.

#36 Mwana wa Mkuyati

Hapana, limefutika lote.

#37 Daktari wa Samaki

Limebaki. Na ndiyo hoja yangu ya sumu.

#38 Kipepeo wa Amani

Nimerudi kuirudia mwisho, nimesimamisha kwenye kiganja. Naona kivuli. Mke wangu anasema ni vumbi la kioo. Nimefuta kwa shati, bado lipo.

#39 Ngosha Mtulivu

Karanga zimeisha. Naomba mniambie inapatikana wapi, nami nikaiangalie leo.

#40 Nesi Mstaafu

Ngosha! Kumbe ulikuwa hujaiangalia?